Ulimi wa Athumani na Sumaku Yangu

Shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za wale waliozitamka huku macho yako kwenye simu. Marahaba. Mwalimu wenu aliniomba niandike kurasa chache kuhusu kazi yetu ya pampu, mzisome kabla hamjaanza somo la mabati magumu. Nilikuwa nimepanga kuanza na mambo ya mikasi na tupa. Lakini wiki iliyopita nilipopita kwenye karakana ya chuo chenu, niliona sumaku imening'inizwa kwa kamba mlangoni mwa stoo. Nikauliza ni ya nini. Mmoja wenu akanijibu kwa heshima zote, "Ya kupimia stenlesi, mzee. Ikidaka tunajua ni feki, tunarudisha dukani."

Nikasema "Aha," nikaaga. Chai niliyokaribishwa sikuimaliza. Nataka niwaeleze kwa nini, na nikiwaeleza hilo mtakuwa mmelipata na somo la bati humo humo.

Karakana yetu ilikuwa hapa hapa Singida mjini. Tulikuwa tunahudumia pampu za mkono za visima vya vijijini, kuanzia kwetu Mtinko kule kaskazini mpaka Ihanja na kuendelea. Nyinyi mmekuta mabomba yanayovuta maji kwa umeme wa jua. Sisi tulikuta pampu ya mkono na foleni ya ndoo, na pampu ikifa kina mama wanarudi kuchimba mchangani korongoni. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye foleni ya Mtinko. Kwa hiyo mimi pampu ikifa nilikuwa nahesabu kwamba mama yangu anachimba.

Kilichokuwa kinatuua ni kitu kidogo tu. Ndani ya pampu zile kulikuwa na kipande cha bati chembamba, urefu shubiri moja, upana vidole viwili, kimefungwa kwa bolti upande mmoja. Kazi yake ni kukandamiza kifuniko cha valvu ili maji yaliyopanda yasirudi chini. Mkono wa pampu ukienda, kipande kinapinda; ukirudi, nacho kinarudi. Kutwa nzima, mwaka mzima. Sisi tulikiita ulimi.

Sasa maji ya kwetu mnayajua. Nchi yenye maziwa ya chumvi katikati ya mji, visima vyake vitakuwaje? Ulimi wa chuma cha springi ulikuwa unarudi vizuri kabisa, lakini masika moja tu kutu imeshautafuna ukakatika. Ulimi wa stenlesi ya kawaida, ile ya sufuria, kutu haiugusi, ila baada ya wiki chache umelala. Ukishapinda umepinda, haurudi, kama mtu mvivu aliyeambiwa ainuke. Tukawa tunachagua ugonjwa: tufe kwa kutu au tufe kwa kulala.

Ndipo mradi mmoja ukatuletea bati la aina nyingine, shiti mbili tu, pamoja na karatasi moja ya Kiingereza. Bosi wetu, Mzee Daudi, alituita wawili: mimi, niliyekuwa nashika ufunguo wa stoo na kazi ya kukagua, na Athumani.

Athumani ndiye ninayetaka mumjue.

Alikuwa Mnyiramba wa Ulemo, mwembamba, mrefu, anacheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Mimi Mnyaturu. Alikuwa ananiambia Wanyaturu tumezaliwa na ubishi kwa sababu upepo wa Singida unapiga kelele, lazima mtu apaze sauti asikike. Namwambia Wanyiramba wanakuja mjini kula kuku wetu. Chakula cha mchana tulikuwa tunakula sahani moja, ugali wa uwele na mlenda kutoka kwa mama mmoja nyuma ya karakana, na kila siku Athumani alipiga ile sahani kwa kidole kabla hatujaanza. Ting. "Hii imechoka," anasema, au, "Hii bado nzima." Alipiga kila kitu kidole: sufuria, jembe, kioo cha gari la bosi, hata meno yake. Mimi napima kwa vyombo, yeye anapima kwa sikio. Tulibishana juu ya hilo miaka, na nakwambieni kweli, hakuna ninachokitamani leo kama kubishana tena nusu saa na yule mtu.

Karatasi tuliibandika ukutani kwa misumari minne, upande wenye namba ukitutazama. Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea maji, lakini namba ni namba. Tukaelewa hivi, na nyinyi mwelewe.

Bati hili linakuja likiwa bichi. Linakatika kwa mkasi wa kawaida, linapinda, linatoboka. Kazi yote ya kulipa umbo unaifanya wakati huo. Ukishamaliza ndipo unalipika, nalo linakuwa gumu. Ndani yake, mbali na kromiamu na nikeli zinazozuia kutu, mna alumini kidogo iliyoyeyuka humo isionekane. Likipata moto wa kiasi chake, ile alumini inajitenga, inajikusanya na nikeli kuwa chembe ndogo mno, hata hadubini ya kawaida haizioni, nazo zinakaa ndani ya chuma kama changarawe kwenye udongo wa kukandikia tembe. Udongo mtupu unateleza, wenye changarawe unashikana. Athumani alikuwa haipendi hiyo hadithi ya chembe. Yeye alisema tu bati limeiva, na karakana nzima tukalichukua neno hilo.

Kuliivisha ni mara mbili. Kwanza nyuzi joto mia saba na sitini, saa moja na nusu. Halafu unalipoza, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu lazima ndani ya saa moja lishuke mpaka chini ya nyuzi kumi na tano na likae humo nusu saa. Siyo kupoa kwa kushikika mkononi. Kupoa kwa baridi. Kisha linarudi tanurini, nyuzi mia tano sitini na tano, saa moja na nusu tena, linapoa lenyewe kwenye hewa.

Barafu tulikuwa hatuna. Athumani akasema, "Petro, tusubiri Julai. Baridi tunaletewa bure, tunahangaika nini?" Akanunua mitungi miwili ya udongo, akaijaza maji, akaiweka nyuma ya karakana kwenye kona ambayo upepo haukosi. Asubuhi ya Julai ukitia kipimajoto mle kinasoma kumi na mbili, kumi na tatu. Wazungu walioandika ile karatasi nadhani hawakuwaza mtungi.

Mimi nikafanya yangu. Nilitoa sumaku yangu mfukoni, ambayo kila mtu pale mjini aliijua, nikaipitisha juu ya shiti zote mbili. Ilibabaika kidogo, ikateleza, ikaanguka. Nikaandika kwenye daftari la stoo: stenlesi halisi. Nikamkabidhi Athumani shiti moja.

Siku hiyo hiyo nikaletewa habari kwamba mjomba amefariki Mtinko. Nikaenda msibani siku nne.

Niliporudi nikakuta ndimi sita zimepangwa juu ya benchi, zimeiva, zina rangi ya kahawia kidogo ya moto. Wa saba Athumani alikuwa ameshaupeleka kwenye pampu ya Mtinko kwa majaribio; tulipishana njiani. Alichagua Mtinko kwa sababu ya mama yangu. Hilo hakuniambia, niliambiwa na Mzee Daudi baadaye sana.

Nikaingiza mkono mfukoni kama kawaida, nikashusha sumaku juu ya ulimi wa kwanza.

Ikadaka. Tap! Nikajaribu wa pili. Ikadaka. Zote sita. Nilipoinua sumaku, ulimi uliinuka nayo.

Vijana, mjue hali ya siku zile. Shiti ya stenlesi ilikuwa dhahabu. Watengeneza masufuria walikuwa wanaitafuta usiku na mchana. Kichwani mwangu hesabu ilikwisha hapo hapo: niliingiza bati lisiloshika sumaku, nimekuta bati linaloshika. Aliyekuwa nalo kati hapo ni mmoja.

Ningeweza kumwita pembeni. Tulikuwa tunakula sahani moja. Lakini aliporudi jioni nilisimama katikati ya karakana, mafundi tisa wakisikia, nikasema, "Athumani, umebadilisha bati."

Alidhani ni utani. Akaanza kucheka kile kicheko chake cha mapema. Aliponiona sicheki, akanikaribia.

"Petro, nimeliivisha tu."

"Bati linaivaje likawa chuma? Nililipima mwenyewe."

"Sumaku yako siijui, ndugu yangu. Mimi najua mlio. Njoo, lipige kidole usikie."

"Sina haja ya kusikia."

Akachukua ulimi mmoja, akaubana ukingoni mwa benchi, akaupiga yeye mwenyewe. Ulilia mlio mrefu, mwembamba, ukakaa hewani. Mafundi wote walisikia. Mimi nilikuwa nimeshafunga masikio. Nikamwambia, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, "Mezani kwetu nilikuwa nakula na mwizi."

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Wangu siku ile ulikuwa na mfupa na kwapa na kiwiko.

Mzee Daudi hakuwa mkali, lakini angefanya nini, mkaguzi wake ameshasema. Alimwambia Athumani akae nyumbani mpaka jambo liangaliwe. Athumani alivua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi. Hakurudi kuulizia jambo liliangaliwaje. Ndimi sita tukazifungia kwenye boksi kama ushahidi, na shiti iliyobaki nikaisukuma nyuma ya stoo. Hakuna aliyetaka kuigusa.

Ulimi wa Mtinko nao tuliusahau. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejiuliza. Pampu nyingine zote tuliendelea kuzizika na kuzifufua, masika kwa masika. Kwa ya Mtinko hatukuitwa. Mama akawa ananiambia, "Pampu yetu haijambo," nami najibu, "Mshukuru Mungu." Kwa miaka yote ile nilimshukuru Mungu peke yake.

Miaka ilikwenda. Mzee Daudi akastaafu, karakana wakaniachia mimi. Mwaka mmoja, tulipokuwa tunahamisha stoo, ile shiti ikaonekana, imejaa vumbi lakini bila doa la kutu. Nikasema tusiitupe, nijaribu mwenyewe. Ilikuwa Julai. Karatasi bado ilikuwa ukutani, imekuwa ya manjano. Nikakata ulimi mmoja, nikakumbuka kuukata ili upinde kwa kukingama na nyuzi za bati, maana ukipinda kufuata nyuzi unapasuka. Nikauosha mafuta kwa sabuni, kwa sababu hata alama ya kidole ikiingia tanurini inabaki. Nikatafuta mitungi ya Athumani; mmoja ulikuwa umevunjika, mmoja mzima. Nikafuata namba moja baada ya nyingine, mlango wa tanuri nikiulinda kama mama aliyebandika maharage. Hakuna mtu mwingine aliyeligusa lile bati.

Lilipopoa, mkono wangu wenyewe ukaenda mfukoni, kwa mazoea tu.

Tap!

Nilikaa chini, sakafuni. Sikuwa na wa kumshtaki. Nilijiuliza kwa sauti, "Na mimi nani amenibadilishia?" Kisha nikainuka, nikachukua bisibisi, nikang'oa ile misumari minne, nikageuza karatasi.

Upande wa nyuma ulikuwa na maandishi tu, hauna namba nyingi, ndiyo maana hatukuujali. Nilisema Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini neno la sumaku nalijua. Lilikuwa mstari wa nne. Nikampelekea mwalimu wa sekondari anisomee, nikitumaini nimekosea. Akasoma: bati hili likiwa bichi karibu halishiki sumaku kabisa, likishaiva linashika kwa nguvu, na hiyo ni dalili kwamba limeiva sawasawa.

Dalili kwamba limeiva sawasawa. Miaka yote hiyo neno la kumtetea Athumani lilikuwa limebandikwa ukutani kwetu, limeuangalia ukuta.

Nikaenda Mtinko, nikaifungua pampu. Ulimi ulikuwepo. Nikaufuta kwa kitambaa, nikaubana, nikaupiga kidole kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ulilia ule ule mlio. Nilitoka pale mama akiniuliza kama nina homa.

Mtasema, basi nikakimbia Ulemo siku ile ile kuomba msamaha. Sikukimbia. Niliona aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko tanuri. Nilijipa kazi. Nilitengeneza ndimi za visima vyote kwa shiti iliyobaki, na nikakosea makosa ambayo Athumani asingekosea. Kundi moja nililipika Oktoba, maji ya mtungi yakiwa vuguvugu, zikatoka laini laini, zimechemka hazijaiva, nikazitupa. Kundi jingine nilitoboa matundu kwa vipimo kamili, nikasahau kwamba bati hili linakua kidogo likiiva; kipande cha shubiri kinaongezeka karibu milimita moja, na bolti zikagoma kuingia. Nilijaribu kuyapanua kwa keekee, meno matatu yakavunjika, maana likishaiva halina urafiki. Kila nilipokwama nilikuwa nageuka kushoto, upande lilipokuwa benchi lake, nimuulize. Natamani mjue upweke wa kugeuka hivyo.

Nilistaafu. Mabomba ya jua yalipofika Mtinko, pampu ya zamani ikang'olewa, nikaomba wanipe ulimi tu. Nilikuwa sina kisingizio tena. Nikauweka kwenye bahasha, nikapanda basi, nikashuka Ulemo, nikauliza.

Nilimkuta mke wake uani anapepeta alizeti. Nikabisha hodi, nikasalimia, nikataja jina langu. Akaweka ungo chini.

"Petro?" akasema. "Petro Sumaku?"

Ndivyo nilivyoitwa katika nyumba ile miaka yote. Nikasema ndiye mimi, shemeji. Aliniangalia kidogo, akanivutia kigoda. "Kaa. Yuko shamba la vitunguu, atakuja. Ila upaze sauti, masikio yake yamekwisha."

Masikio ya Athumani. Hilo sikuwa nimelitegemea kabisa.

Alikuja amebeba jembe begani, mwembamba vile vile, nywele nyeupe. Alinitambua kutoka mbali. Hakucheka. Tulipeana mkono, akakaa, nami nikaanza yale niliyoyapanga njia nzima. Nilipaza sauti mpaka majirani wakajua, na nikaona ni haki, maana nilimshtaki mbele za watu. Nilimwambia habari ya karatasi, mstari wa nne, mlango wa tanuri, Mtinko. Nikasema, "Hukuiba. Niliyekosa ni mimi."

Aliweka mkono nyuma ya sikio. Sijui alidaka maneno mangapi. Nikafungua bahasha, nikampa ulimi. Nikamuuliza kwa ishara: bado unafanya kazi ya bati? Mke wake akajibu badala yake. "Tangu atoke huko hajashika mkasi."

Athumani aliugeuza ulimi mara mbili. Nikawaza, maskini, hawezi tena hata kuusikia. Lakini yeye aliingiza ncha moja mdomoni, akaibana kwa magego, akafumba macho, akaipiga ncha ya pili kwa kidole. Mimi nilisikia kwa masikio, yeye alisikia kwa mfupa. Alikaa hivyo mpaka mlio ukaisha wote, akautoa, akaufuta kwenye shati.

"Limeiva," akasema.

Hapo nililia, sioni haya kuwaambia. Yeye akaanza kucheka kile kicheko cha kabla ya utani. "Bati liliiva siku moja. Wewe, Mnyaturu, umekaa tanurini miaka yote hii ndiyo unatoka leo!"

Shemeji alisonga ugali. Tulikula sahani moja, na aliipiga kidole kwanza. Neno la kwamba amenisamehe hakulisema, nami sikuliomba. Wakati wa kuondoka nilimwambia ulimi ni wake, abaki nao. Akatikisa kichwa, akaurudisha ndani ya bahasha, akanishikisha.

"Huu wapelekee vijana wenu huko, wajifunze kusikia," akasema. Kisha akanyoosha kiganja chake mbele yangu. Sikuelewa. Akaelekeza kidole kwenye mfuko wangu. "Ile niachie mimi."

Kwa hiyo Jumatatu nitakuja kwenu na ulimi, mtaupiga kidole mmoja mmoja. Ile sumaku ya mlangoni mwa stoo iteremsheni kabla sijafika. Mimi yangu sinayo tena, iko Ulemo, kwa mwenyewe.